Kitambaa kilichopigwa plazma kiandikwe tarehe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu vitambaa vya sintetiki vinavyobadilishwa uso kwa plazma, yaani gesi iliyopewa umeme, nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Mimi ni mpiga chapa wa vitambaa, huu ni mwaka wa 19, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni poliesta. Nilifurahi kuona jambo ambalo mafundi huzungumza wenyewe kwa wenyewe limefika kwa wasomaji wote. Ila kuna neno mmeliandika ambalo siwezi kulinyamazia. Mmesema kitambaa kikishapitishwa kwenye plazma kinapatana na maji "daima". Hiyo "daima" ndiyo iliyonifanya nikae niandike, kwa sababu iliwahi kuniharibia majora 14.

Niyaeleze hayo kwanza. Majora nilinunua kwa mfanyabiashara ambaye sitamtaja, maana sidhani alikusudia kunidanganya. Naye aliamini alichoambiwa. Kibandiko cha kila jora kilitaja aina ya uzi, upana, uzito kwa mita ya mraba, na maneno mawili: kimepigwa plazma. "Dada, hiki kinakunywa wino kama ardhi kavu," akaniambia, akadondosha maji kwenye kona ya jora lililoshushwa siku ileile. Maji yakazama papo hapo. Nikalipa. Kazi ya mteja ikasogezwa mbele, majora yakakaa stoo wiki tisa, kwenye chumba chenye joto. Siku ya kupiga chapa, wino ukakataa.

Asiyewahi kuona wino ukikataa ni vigumu kumweleza, lakini nitajaribu. Unasukuma wino, herufi inatoka nzima, unashusha pumzi. Halafu ukingo wa herufi unaanza kurudi nyuma huku unautazama. Wino unajikusanya katikati kama jasho kwenye paji la uso, pembeni panabaki peupe, na ndani ya herufi vinatokea vitobo vya ukubwa wa kichwa cha pini. Tulikausha, tukapitisha kwenye joto la kugandisha wino, tukajipa moyo kwamba utashika. Baada ya kufua mara moja nikasugua kwa kidole gumba, na herufi ikaja na kidole. Fedha za mteja nilirudisha zote.

Sikukubali kuishia hapo. Nilianza kuuliza kila mtu niliyesikia anaijua plazma, nikasoma nilichoweza kupata, na siku moja nikakaribishwa kuona mashine yenyewe ikifanya kazi. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaelewa na kuyajaribu kwa mikono yangu.

Chukua kitambaa cha poliesta kilichofuliwa vizuri mpaka mafuta ya kusokotea uzi yakatoka. Kitandaze, udondoshe tone moja la maji. Tone litakaa juu, limejaa, linang'aa, na ukiinua kitambaa upande mmoja linaweza kuteleza likaondoka. Poliesta ina tabia hii tangu Whinfield na Dickson walipoitengeneza Uingereza mwaka 1941. Katika hewa ya kawaida ya maabara pamba hubeba unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake, nailoni kama asilimia 4, lakini poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja, na polipropilini, uzi mwingine wa sintetiki, haibebi kitu.

Sababu si kwamba kitambaa hakina matundu. Matundu yapo, na kila mmoja anayaona akikielekeza kwenye mwanga. Sababu ni mvutano. Maji hujishika yenyewe kwa nguvu: mvutano wa uso wake kwenye nyuzijoto 20 ni takriban milinyutoni 73 kwa mita. Poliesta, upande wake, ina nishati ya uso ya kama 43 kwa kipimo hichohicho, na polipropilini kama 30. Maji yakifika juu ya kitu kisichoyavuta kwa nguvu, yanaona heri yajikunyate. Wino wa maji nao ni hivyohivyo, na hapo ndipo mpiga chapa anapotafuta msaada.

Na msaada upo. Plazma ni gesi iliyopewa umeme mpaka baadhi ya atomi zake zikapoteza elektroni. Kijana ninayefanya naye kazi aliniuliza kama ni ileile ya damu. Jina ni hilohilo, lakini kitu ni kingine kabisa. Ni Irving Langmuir aliyeipa gesi hiyo jina hilo mwaka 1928. Kinachowashangaza wengi ni kwamba kitambaa hakiungui. Ndani ya plazma ya aina hii elektroni zina nguvu ambayo, ukiigeuza kuwa joto, ni makumi ya maelfu ya nyuzijoto, huku gesi yenyewe ikibaki na uvuguvugu tu. Elektroni ni nyepesi mno. Ikigonga molekuli ya gesi inadunda kama mbu aliyemgonga tembo, inaondoka na karibu nguvu zake zote, na tembo hapati joto. Lakini elektroni yenye kasi ya kutosha inaweza kupasua molekuli, na vipande vyake vikaenda kushambulia uso wa kitambaa.

Mashine niliyoiona ilikuwa ya hewa ya kawaida, isiyohitaji kufyonza hewa yote. Kitambaa kilipita katikati ya vyuma viwili vilivyoachana milimita chache, kimoja kimefunikwa kwa kauri ili umeme usiruke kama radi. Muundo wenyewe si mgeni: Werner von Siemens aliutumia mwaka 1857 kutengenezea ozoni, kwa mirija ya kioo. Taa za chumba zilipozimwa nikaona utando wa zambarau umelala juu ya kitambaa upana wake wote, na nilipokaribia nikaona si utando, ni maelfu ya vijicheche vyembamba kama ncha za sindano, vinazaliwa na kufa. Mashine ilitoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga mbali. Harufu kali ya ozoni ilinifika puani ingawa kulikuwa na bomba la kuinyonya, na fundi mzee aliyekuwa akiisimamia akanivuta nyuma kwa mkono. "Mwanangu, hii harufu usiizoee," aliniambia. "Ukiisikia, bomba halifanyi kazi sawasawa." Mnaoandika kwamba njia hii haina madhara yoyote, liwekeni hilo moyoni. Ozoni inaumiza mapafu, na anayesimama pale siku nzima ni mtu.

Kitambaa kilipotoka upande wa pili nilikigusa. Hakina tofauti mkononi: hakijawa kigumu wala kulainika, wala hakijabadilika rangi. Nikadondosha tone. Halikukaa. Lilitandaa, likafuata mtande na mshindio, likawa doa lenye mikono minne, likaisha. Nilidondosha mengine kumi, si kwa sababu nilikuwa na shaka bali kwa sababu ilikuwa raha kuona.

Kilichotokea ni hiki. Vipande vya gesi vinakata viungo vya juu kabisa vya molekuli za poliesta, na kaboni inabaki na mkono mtupu. Oksijeni inaushika mkono huo, na pale juu panaota makundi ya haidroksili, kabonili na kaboksili, yaani yale yanayopenda maji. Uso pia unachimbwachimbwa kidogo, wino ukapata pa kung'ang'ania. Yote haya yanatokea kwenye ngozi. Unyuzi mmoja wa poliesta wa kawaida una unene wa kama maikromita 12, sawa na nanomita 12,000 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kemia mpya mara nyingi haishuki hata nanomita 10. Mioyo ya nyuzi haijui kama kuna kitu kimepita. Ndiyo maana nguvu ya kitambaa inabaki ileile kazi ikifanywa kwa kiasi, na ndiyo maana pia faida yake ni nyepesi kuipoteza.

Hapo niseme na jambo la pili katika makala yenu. Mlidokeza kwamba plazma itaondoa mitungi ya kutia rangi poliesta kwa joto kali. Ninavyoielewa kazi, hapana. Rangi ya poliesta haikai juu; inapaswa kuingia mpaka ndani ya unyuzi, na molekuli za poliesta zimebanana hivyo kwamba viwandani hutumia maji ya nyuzijoto 130, ndani ya mtungi wenye mgandamizo, ili nafasi zifunguke rangi ipite. Kuibadilisha ngozi ya nanomita 10 hakufungui njia ya kufika katikati ya nanomita 12,000. Plazma inasaidia pale ambapo kazi yenyewe iko juu ya uso: wino wa pigmenti (rangi ya vumbi isiyoyeyuka), gundi, utando unaobandikwa, dawa ya kumalizia inayotakiwa kutandaa sawasawa. Huko inasaidia sana, na haihitaji kusifiwa kwa mambo isiyoyaweza.

Kuhusu majitaka mko sahihi, na ningependa mngeliongelea zaidi. Njia moja ya zamani ya kuibadili poliesta ni kuichemsha na kostiki soda, inayokula ngozi ya unyuzi mpaka kitambaa kinapungua uzito, mara nyingine kwa asilimia 10 na zaidi. Kile kilicholiwa kinaondoka na maji, pamoja na soda yenyewe, na lazima mtu ayasafishe. Plazma ya hewa haitumii maji, wala kitambaa hakihitaji kukaushwa baadaye. Hilo peke yake linanitosha kuipenda. Lakini msiihesabu kila plazma kuwa safi kwa kuwa ni kavu. Ukibadilisha gesi unabadilisha kazi: ukitumia gesi yenye florini, kama kaboni tetrafloraidi, unapata kitambaa kinachokataa maji, kinyume kabisa na ninachotaka mimi. Gesi hiyo ikivuja inabaki angani makumi ya maelfu ya miaka, na uzito kwa uzito inapasha dunia joto maelfu ya mara kuliko kabonidioksidi. Watu wanaikimbilia plazma ili kuepuka dawa za zamani za kuzuia maji, maana PFOA, kemikali ya florini inayohusishwa na dawa hizo, iliorodheshwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza, na wana haki kuzikimbia. Waulize basi ni gesi gani inayotumika, na mabaki yake yanakwenda wapi. Zipo njia za plazma zinazotumia misombo ya silikoni isiyo na florini.

Sasa nirudi kwenye majora yangu. Kwa nini yaligoma baada ya wiki tisa?

Molekuli za plastiki hazijatulia kama tunavyodhani. Zile ncha zinazopenda maji, zikikaa zimeelekea hewani kwenye uso mkavu, polepole zinageuka na kuangalia ndani, na sehemu zisizopenda maji zinarudi juu. Vijimolekuli vifupi na mafuta yaliyofichika ndani navyo vinapanda. Vumbi na mvuke wa mafuta wa chumbani vinaongezea tabaka lao. Joto linaharakisha mageuzi hayo. Hakuna aliyeyaharibu majora yangu. Yalikuwa yanarudi kwenye asili yao, siku baada ya siku, ndani ya nailoni niliyoyafunga mwenyewe kwa uangalifu, katika chumba chenye joto.

Baada ya kuelewa hivyo nilifanya jaribio langu. Nilipata kipande cha mita mbili kilichotoka kwenye mashine asubuhi, nikakikata vipande, nikavitundika stoo ileile. Kila Jumatatu nilichukua kimoja nikadondosha maji kwa urefu wa sentimita moja, sehemu tano tofauti, nikahesabu sekunde mpaka mng'ao wa tone ulipopotea. Siku ya kwanza sikuwahi hata kuanza kuhesabu. Wiki ya pili bado ilikuwa haraka, lakini ningeweza kuhesabu. Wiki ya tano tone lilikuwa linakaa kiasi cha mimi kuona sura ya dirisha ndani yake. Sikufanya hivi maabara, na sekunde zangu zisichukuliwe kuwa za vitambaa vyote, kwa kuwa aina ya unyuzi, gesi, muda wa kupiga na mahali pa kuhifadhia vyote vina usemi. Mwelekeo wake ndio ninaousimamia.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili nalo lisisahaulike: kuzidisha. Mtu akiona dozi ndogo imefaa, anapiga mara tatu. Uso unakatwakatwa mpaka unabaki na vumbi la vipande vifupi vya molekuli, vinavyopenda maji kwelikweli lakini havijashikwa na kitu. Tone litazama vizuri na muuzaji atatabasamu. Wino nao utashika vizuri, ila utakuwa umeshika vumbi, na siku ya kufua wote wawili wataondoka pamoja. Kwa hiyo tone peke yake si shahidi wa kutosha. Mimi sasa nakata kipande, nakisuuza, nakikausha, halafu nadondosha tena. Kisha napiga herufi moja, nagandisha, nafua, nasugua, nabandika utepe wa gundi na kuubandua kwa mkupuo. Ni kazi ya saa kadhaa, na inanilindia kazi ya wiki.

Ninachoomba ni kidogo, na naamini gazeti lina sauti ya kukifikisha. Kila jora linalouzwa kwa sifa ya plazma liandikwe tarehe liliyopigwa. Liandikwe aina ya gesi, hata kama ni hewa tu. Liandikwe limepigwa upande mmoja au pande zote mbili. Nimeona vijana wakigeuza kitambaa bila kujua na kulaumu wino. Maziwa yana tarehe, dawa ina tarehe, hata gundi ya kopo ina tarehe. Kitambaa ambacho sifa yake inafifia kwa wiki kadhaa kinawezaje kuuzwa kama bati?

Kwa wapiga chapa wenzangu: mkiweza, kitambaa kipigwe plazma karibu na siku ya kazi, na ikiwezekana mashine ikae mstari mmoja na printa, kitoke huku kiingie huku. Msikubali kuonyeshwa tone kwenye kona tu. Dondosheni katikati na kwenye kingo zote mbili, kwa sababu mashine isiyosawazishwa hupiga upande mmoja zaidi ya mwingine. Na kabla ya yote hakikisheni kitambaa kilifuliwa. Plazma ikikuta mafuta ya kusokotea juu ya uzi, itabadilisha mafuta, na uzi utabaki ulivyo.

Mhariri, naomba mlirekebishe lile neno "daima". Muandike wiki, au muandike "kwa muda", lakini msiwaache wasomaji na ahadi ambayo kitambaa chenyewe hakijaitoa. Najua aliyeandika alikuwa na nia njema na amefanya kazi ya kutafuta. Akitaka kuja kuona wino ukikataa na ukikubali, milango iko wazi na vitambaa vya kuonyeshea ninavyo.

Kati ya majora 14 yale, mawili sikuyagusa. Mwezi uliopita niliyapeleka kwa yule fundi mzee. Kabla ya kuyaingiza alidondosha tone, tukalitazama. Lilikaa mpaka tukachoka kuhesabu. Akayapitisha mara moja, kwa mwendo wa kawaida. Tone la pili lilizama kabla hajainua mkono. Nilibeba majora hayo moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kupigia chapa, na jioni ileile yote mawili yalikuwa yamekwisha kupigwa. Nimeyafua mara sita, na herufi zipo.

Wako,
Mpiga chapa wa vitambaa
(Jina na anwani vimehifadhiwa na Mhariri)